Tumeenda jangwani kumtafuta nyangumi mwenye miguu

Nilivyomwambia shemeji twende Misri yeye akajua ni piramidi tu. Piramidi tukaziona siku ya kwanza zikaisha, kesho yake alfajiri tukatoka Cairo kuelekea upande wa Fayoum, mwendo wa masaa, mpaka lami ikakata na dereva akashuka kupunguza upepo kwenye matairi maana mchanga ule ukiuingia na tairi limejaa unalala hapohapo. Shemeji kimya, ananiangalia tu. Nyangumi gani anakaa jangwani?

Sasa pale ndo panaitwa hivyohivyo, Wadi al-Hitan, yani Bonde la Nyangumi, UNESCO wakaliweka kwenye urithi wa dunia 2005. Miaka kama milioni 40 iliyopita ilikuwa bahari. Unatembea unakuta pingili za uti wa mgongo zimelala mchangani moja baada ya nyingine kama vipande vya gogo, hadi mizizi ya mikoko ipo, imegeuka jiwe. Jua lilitupiga sana, hilo nalipita.

Niliyemfuata mimi anaitwa Basilosaurus. Jina maana yake mjusi mfalme, alipewa 1834 wakidhani ni mtambaazi, baadae ikajulikana ni nyangumi ila jina ndo lishakaa. Huyu wa Misri anafika kama mita 18, halafu huku nyuma kabisa ana miguu miwili haifiki hata urefu wa mkono wangu. Ina goti, ina kifundo, ina vidole vitatu vitatu! Kina Philip Gingerich, mtafiti wa mifupa ya wanyama wa kale, ndo waliipata humo bondeni 1989. Kutembelea haikufaa, mwili wote ule ungebebwa na nini, ila goti ni goti, na nyangumi wa leo nao bado wana vimifupa vya nyonga vimejificha ndani ya nyama.

Nikamwambia shemeji, ndugu wa karibu kabisa wa nyangumi kati ya wanyama wa nchi kavu walio hai ni kiboko, DNA imeonyesha hivyo. Akacheka. "Kwa hiyo kiboko aliingia baharini akawa nyangumi? Mbona viboko bado wapo?"

Hapa ndo watu wengi wanakwama, na kwa sokwe na binadamu ni swali hilohilo. Nikamuuliza, wewe na mtoto wa shangazi yako nani kamzaa mwenzake? Akasema hakuna, tunakutana kwa babu. Basi, kiboko na nyangumi nao wanakutana kwa babu, zaidi ya miaka milioni 50 nyuma, na huyo babu hakuwa kiboko wala hakuwa nyangumi, uzao wake ndo uligawanyika, huku wakabadilika hivi kule vile, kizazi kwa kizazi. Sisi na sokwe babu yetu ni wa juzi tu, miaka kama milioni 6 au 7.

Hakunijibu. Akachuchumaa kwenye ule mguu muda mrefu, anaangalia, anajishika goti lake mwenyewe, akapiga picha.

Usiku hotelini nikamsikia anaongea na dada kwenye simu, kumbe kamtumia ile picha na dada kamuuliza samaki gani huyo ana miguu. "Samaki wapi, mama Asha! Huyo ananyonyesha. Tulia nikueleze, wewe na binamu zako mnakutana wapi?"