Vitabu vilivyonifikisha kwa babu wa baba yangu

Nilianza kutafuta ukoo wetu nikiwa na jina la babu mzaa baba, kumbukumbu za shangazi, na cheti cha ubatizo kilichokunjwa miaka mingi hadi wino ukafutika kwenye mikunjo. Maktabani nilitafuta kitabu chenye jina la ukoo wetu, nikakikosa. Familia nyingi hazijawahi kuandikiwa kitabu. Vilivyonisaidia ni vitabu ambavyo havimtaji hata mtu mmoja wa kwetu, na natamani ningevijua mapema.

Cha kwanza ni sarufi ya Kilatini. Cheti, kilichotolewa na Kanisa Katoliki kwa Kilatini, kilisema babu ni "filius Joannis", mwana wa Joannis. Kwa miezi kadhaa nilimtafuta mtu aitwaye Joannis na kila daftari la kanisa likaninyima. Sarufi ile, kurasa za mwanzo kabisa, ikaeleza kwamba jina la Kilatini hubadilika mwisho wake kulingana na kazi yake katika sentensi. Joannes akitajwa kama mzazi huandikwa Joannis, Maria huwa Mariae. Mtu wangu alikuwa Yohana tu, na nilikuwa nimempita mara nyingi kwa kidole changu mwenyewe. Tangu siku hiyo nina karatasi ya maneno machache ninayotembea nayo: natus, aliyezaliwa; patrinus, msimamizi wa ubatizo; conjuges, mume na mke; obiit, alifariki. Maneno kama hayo hujirudia mstari baada ya mstari, hivyo huhitaji kuijua lugha nzima.

Cha pili ni kijitabu cha jubilei ya parokia, vile vyenye picha za mapadri na historia fupi ya kila kigango, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia. Watu huvidharau, lakini mimi nasema ndivyo vyenye thamani kubwa kwa kazi hii. Humo niliona kwamba parokia niliyokuwa nikipekua daftari zake ilianzishwa miaka 6 baada ya babu kubatizwa. Wakati wa ubatizo wake, mahali pale palikuwa bado kigango cha parokia jirani, na jina lake lilikuwa huko. Kabla ya kuomba daftari lolote, tafuta kwanza mahali hapo palikuwa chini ya nani mwaka unaoutaka. Kanuni hiyo hiyo inafaa kwa kumbukumbu za serikali, kwa sababu mipaka ya wilaya nayo huhama.

Katika daftari la parokia jirani nilimpata. Mstari mmoja, mwandiko ulioinama kulia. Pembeni palikuwa na maneno madogo kwa wino mwingine: tarehe ya ndoa na jina la parokia nyingine. Kitabu cha historia ya sheria za Kanisa kilinieleza maana yake. Amri ya Ne Temere ya mwaka 1907, iliyoanza kutumika Pasaka ya 1908, iliagiza ndoa iandikwe pia pale mtu alipobatizwa. Kwa hiyo usisome mstari ukaacha pembezoni. Pembezoni ndipo niliposoma pa kwenda.

Kitabu hicho hicho kilinifundisha kuwaheshimu wasimamizi. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563, uliagiza majina yao yaandikwe kwa sababu usimamizi ulihesabiwa kuwa undugu wa kiroho uliozuia ndoa. Mara nyingi wanatoka ndani ya familia. Msimamizi wa babu alikuwa mwanamke ambaye shangazi alimkumbuka kwa jina la nyumbani tu. Nilipomsomea jina lake la ubatizo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo ni dada yake Yohana. Ndiye aliyemlea baba yetu."

Mwandiko ukikushinda, chukua neno unalolijua kwenye ukurasa uleule, kama mwezi au jina la padri, uone mwandishi yule anavyochora kila herufi. Mwongozo wa miandiko ya kale husaidia, ila ukurasa wenyewe husaidia zaidi.

Ninayoyapata nayapanga kwa namba alizozitumia mwanahistoria wa Austria, Michaël Eytzinger, mwaka 1590. Wewe ni 1, baba 2, mama 3. Baba wa mtu yeyote ni namba yake mara mbili, na mama ni hiyo ukiongeza moja. Babu ni 4, Yohana ni 8, mkewe ni 9.

Hiyo 9 bado ina neno moja tu, Maria. Daftari la ndoa limetaja kigango alikotoka, na kijitabu cha jubilei kinaonyesha kilihudumiwa na parokia ipi wakati huo. Nimeshaandika barua kwa paroko wake kuomba siku ya kwenda kusoma.