Barua ya Senti 3 pale Charing Cross

Basi la kutoka Birmingham choo chake kimefungwa, na chai kituoni pauni 4 kikombe. Basi na hayo tuyaache. Jumamosi asubuhi nilishuka London nikaenda moja kwa moja kwenye soko la stempu na sarafu lililo chini ya kituo cha treni cha Charing Cross.

Mimi hutafuta barua zilizovuka Atlantiki kati ya 1849 na 1867, wakati wa mkataba wa posta wa Marekani na Uingereza. Mzee mmoja alikuwa nazo kwenye boksi la viatu. Nikachomoa mbili zilizotoka Marekani: karatasi iliyokunjwa tu, haina bahasha, lakiri imebanduka nusu. Moja ina muhuri mwekundu wa 19, nyingine wa 3. Ya 19 pauni 60, ya 3 pauni 25.

"Mbona bei zimepishana hivi?"

"Hii ililipiwa senti 19, mwanangu. Ile senti 3 tu."

Moyo ukanidunda. Aliyetuma kila moja alitoa senti 24: 5 za njia ya Marekani, 16 za bahari, 3 za njia ya Uingereza. Ile namba nyekundu si alicholipa mtumaji; ni hesabu ya posta ya Marekani na posta ya Uingereza, wanaandikiana deni. Barua ikipanda meli ya Waingereza, kama zile za kampuni ya Cunard, Wamarekani wanabaki na 5 na kuwaandikia wenzao 19. Ikipanda ya Wamarekani, Uingereza inapata 3 zake basi. Ingekuwa haijalipiwa, wino ungekuwa mweusi na mpokeaji angetoa shilingi nzima mlangoni.

Sikumsahihisha, boksi ni lake. Nikaomba pauni 20, akakataa katakata. Nikatoa 25. Chakula cha mchana kikawa mkate na jibini, pauni 8, nimesimama.

Njiani kurudi nikawaza mizigo yetu ya basi la Mwanza, wakala anavyoandika kwa maka peni juu ya boksi: jina, namba ya simu, IMELIPIWA, kisha anazungushia duara. Mama aliwahi kumtumia kaka sato wa kukaanga hivyo hivyo. Kufika Mbezi, ofisi ya basi ikamdai elfu tano ya "kutunza mzigo". Kaka akaonyesha duara. Karani akasema hilo ni la Mwanza, hapa ni Dar. Akalipa, maana sato wakilala pale ni hasara nyingine.