Kaunta buku ya siku 366: kumbukumbu ya wanamuziki waliozaliwa tarehe moja

Oktoba, mwaka jana

Kazi hii ilianza jioni ya tarehe 17 Oktoba, siku ambayo Uganda humkumbuka Philly Bongoley Lutaaya, Mganda wa kwanza mashuhuri kujitokeza hadharani mwaka 1989 na kusema kwamba anaugua UKIMWI. Redio ya jirani hapa Walukuba, Jinja, ilikuwa imepiga nyimbo zake tangu asubuhi. Nilikuwa nasahihisha insha za wanafunzi wangu wa Kiswahili, nikajiuliza mtu huyu alizaliwa lini hasa, kwa sababu kifo chake tunakijua sote, tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na umri wa miaka 38, lakini siku aliyozaliwa sijawahi kumsikia mtu akiitaja. Nikaitafuta, nikaipata: 19 Oktoba 1951. Chini ya tarehe hiyohiyo nikakuta jina la pili, Peter Tosh wa Jamaika, aliyezaliwa 19 Oktoba 1944 na kuuawa nyumbani kwake Kingston tarehe 11 Septemba 1987.

Majina hayo mawili yalinikalia moyoni usiku kucha. Kila mmoja alisema kwa sauti kubwa jambo ambalo wengi wa wakati wake walilinong'ona, na vifo vyao vimepishana miaka miwili na ushei tu. Najua tarehe haimpi mtu tabia. Hata hivyo, tangu nilipoyaona kwenye mstari mmoja nimekuwa nikimsikiliza Tosh kwa sikio la Lutaaya, na hilo limenitosha.

Siku iliyofuata nilinunua kaunta buku nene yenye jalada gumu jeusi na kurasa 384. Kurasa 366 nimezipa tarehe, moja baada ya nyingine, pamoja na 29 Februari, ambako nimeshawaweka Jimmy Dorsey wa mwaka 1904 na Ja Rule wa mwaka 1976. Kurasa 18 zilibaki nyuma bila kazi. Sheria niliyojiwekea ni kwamba jina haliandikwi kwa wino mpaka tarehe yake ithibitishwe na mashahidi wawili ambao hawakunakili kwa mwenzake. Kabla ya hapo hukaa kwa penseli.

Januari

Likizo ndefu imenisaidia kusonga mbele. Tarehe 8 Januari nimewaandika Elvis Presley (1935), Shirley Bassey (1937) na David Bowie (1947), na tarehe 25 Machi wamekutana Aretha Franklin (1942) na Elton John (1947). Ukurasa wa 29 Agosti ni mzito kuliko zote nilizozijaza hadi sasa, kwa kuwa una Charlie Parker wa mwaka 1920, Dinah Washington wa mwaka 1924 na Michael Jackson wa mwaka 1958. Wa kwetu nao wamepata wenzao: Bebe Cool, aliyezaliwa 1 Septemba 1977, yuko pamoja na Barry Gibb na Gloria Estefan; Diamond Platnumz wa 2 Oktoba 1989 anakaa na Sting wa mwaka 1951.

Nimekuwa nikitafuta neno la kuwaita watu hawa. Mtu unayechangia naye jina ni somo wako, na mliozaliwa wakati mmoja ni hirimu moja, lakini wanaochangia tarehe bila kuchangia mwaka sijawapatia neno katika Kiswahili ninachokijua. Wazee wetu walishika zaidi siku ya juma kuliko tarehe, ndiyo maana tuna akina Juma na akina Khamisi waliobeba siku zao majinani. Kwa hiyo nimeongeza safu moja kwenye kila ukurasa, safu ya siku ya juma, na nikapiga hesabu kuanzia ukurasa ule wa kwanza: Tosh alizaliwa Alhamisi, Lutaaya alizaliwa Ijumaa. Mmoja angekuwa Khamisi na mwingine Juma. Humu daftarini ninawaita wenzi wa tarehe, mpaka nitakapopata neno bora zaidi.

Machi

Mwezi huu nimefanya kosa ambalo lazima nilieleze kwa urefu, kwa sababu yeyote atakayeanza kazi kama hii atalikuta njiani.

Kwa wiki mbili nilikuwa nikitembea na furaha ya ukurasa wa 7 Juni. Hapo walikuwapo Tom Jones wa mwaka 1940 na Prince wa mwaka 1958, na katikati yao, kwa wino, nilikuwa nimemwandika Franco Luambo Makiadi, gwiji wa gitaa na kiongozi wa TPOK Jazz, mtu ambaye muziki wake umechezwa katika kila baa na kila arusi ya ukanda huu. Niliwasimulia walimu wenzangu wakati wa chai. Nilimwambia hata kijana wangu mkubwa, ambaye anampenda Prince, kwamba sasa hana kisingizio cha kutomsikiliza Franco.

Tarehe yenyewe nilikuwa nimeinakili kutoka orodha moja iliyopigwa chapa kwa tarakimu tupu, 6/7/1938. Orodha hiyo ilikuwa imetengenezwa na mtu anayefuata desturi ya Marekani, ya kutanguliza mwezi, katika mistari mingi, nami nikaisoma yote kwa desturi hiyo. Mstari wa Franco ulikuwa umeandikwa kwa desturi yetu, siku kwanza. Shahidi wangu wa pili alikuwa amenakili orodha ileile, kwa hiyo hakuwa shahidi hata kidogo. Franco alizaliwa tarehe 6 Julai 1938, huko Sona-Bata.

Nilipoketi kupima ukubwa wa hatari hiyo nilishtuka. Tarehe yoyote ambayo siku yake haizidi 12 inaweza kusomwa kwa njia mbili, na tarehe za namna hiyo ni 144 katika mwaka. Ukiondoa zile 12 zisizobadilika hata ukizigeuza, kama 1/1 au 5/5, zinabaki 132. Zaidi ya theluthi moja ya daftari langu ilikuwa na mlango uliofunguka pande mbili. Nimetumia jioni kumi na moja kurudia kila jina lililo kwenye kurasa hizo, na nimekataza tarakimu za mwezi humu ndani: mwezi unaandikwa kwa jina lake, kwa herufi.

Ukurasa wa 7 Juni una mkwaruzo ambao sitaufunika kwa karatasi. Kwenye ukurasa wa 6 Julai Franco amekuta wenzi wengine, Bill Haley wa mwaka 1925 na 50 Cent wa mwaka 1975. Kijana wangu alipouona aliniambia, "Mama, huyu wa mwisho angalau namjua," akaketi, na tukasikiliza gitaa la Franco mpaka taa za mtaa zikawaka.

Mei

Mwaka huu nimefikia majina 240, nikazihesabu kurasa zenye angalau jina moja: ni 171. Mwenzangu anayefundisha hisabati alitazama akasema idadi hiyo ndiyo ya kutarajiwa. Majina 240 yakitupwa bila kupanga juu ya siku 365, hesabu inaonyesha kwamba kurasa kama 176 tu ndizo zitakazopata jina, kwa sababu mengi yataangukia penye mwenyeji tayari. Ili kila siku ya mwaka ipate angalau mwanamuziki mmoja kwa bahati tupu, kwa wastani ningehitaji majina kama 2,365. Kwa upande mwingine, watu 23 tu wanatosha kufanya uwezekano wa wawili kuchangia tarehe uzidi nusu kidogo. Kwaya ya shule yetu ina waimbaji 41, ambapo uwezekano unafika tisa kwa kumi. Tuliwauliza, na wasichana wawili wa sauti ya pili wakagundua kwamba wote ni wa tarehe moja ya Februari, wakakumbatiana kana kwamba wameonana baada ya miaka mingi.

Jambo la pili la mwezi huu linamhusu Willie Nelson. Alizaliwa Abbott, Texas, tarehe 29 Aprili 1933 muda mfupi kabla ya saa sita usiku, lakini daktari akaiandika 30 Aprili. Ukurasa wa 29 una Duke Ellington wa mwaka 1899. Ukurasa wa 30 una Jose Chameleone wa mwaka 1979, mmoja wa Waganda waliozipa nyimbo za Kiswahili wasikilizaji wengi katika nchi hii, na nakiri kwamba nilitamani sana kumpa Nelson awe mwenzi wake. Nilikuwa hata na hoja. Katika hesabu yetu ya asili siku huanza jua linapozama, ndiyo maana saa moja ya usiku ni saa moja, na usiku ule wa Texas baada ya magharibi ulikuwa tayari ni usiku wa kuamkia tarehe 30. Kwa Mswahili wa zamani, daktari hakukosea. Lakini siwezi kumpimia mtu mmoja kwa kipimo ambacho sikuwapimia wengine 239. Nelson yuko kwenye 29 Aprili pamoja na Ellington, na nimechora mshale mdogo unaoelekea ukurasa wa 30.

Julai

Kurasa 18 za nyuma zimepata kazi.

Nilikuwa nimemweka Louis Armstrong kwenye 4 Julai 1900, tarehe aliyoitaja yeye mwenyewe maisha yake yote, nikafurahi kumwona kando ya Bill Withers wa 4 Julai 1938. Baadaye nikasoma kwamba miaka mingi baada ya kifo chake ilipatikana kumbukumbu ya ubatizo wake huko New Orleans, na humo imeandikwa 4 Agosti 1901. Nimemhamisha. Kwa Muddy Waters ubishi uko kwenye mwaka tu, 1913 au 1915, na siku, 4 Aprili, inabaki ileile, kwa hiyo anakaa salama na Hugh Masekela wa mwaka 1939.

Armstrong alipata kitabu cha kanisa cha kumsahihisha. Siti binti Saad, aliyevuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri na kuwapa Waswahili sauti yao wenyewe kwenye gramafoni, ana siku ya kufa, 8 Julai 1950, lakini hana siku ya kuzaliwa. Tunasema ni karibu na mwaka 1880. Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na umri wake ulibaki jambo la kukisia hadi siku ya mazishi. Watoto waliozaliwa wakati huo katika nyumba za watu wa kawaida hawakuwa na mtu wa kuwaandika. Bibi yangu alisema amezaliwa mwaka wa nzige, na kwake hilo lilikuwa jibu kamili. Mama yangu kitambulisho chake kinasema 1 Januari, kwa sababu siku ya kuandikishwa aliujua mwaka tu, na karani alihitaji kujaza nafasi mbili zilizobaki. Tangu nikumbuke hilo, kila mwanamuziki wa bara letu ninayemkuta kwenye 1 Januari namwacha kwa penseli, hata mashahidi wakiwa watatu.

Nilipokuwa nikijaza daftari kwa majina yenye tarehe peke yake, nilikuwa nawahesabu waliozaliwa karibu na kalamu na kuwaacha wengine nje. Sasa kurasa 18 za mwisho ni zao. Siti ndiye wa kwanza, Bi Kidude wa pili. Badala ya tarehe naandika kinachojulikana: mahali, kizazi, safari, siku ya kufa.

Septemba

Mwezi uliopita na mwezi huu nimeshughulikia kurasa mbili tu, lakini ndizo nilizozipenda kuliko zote, kwa kuwa zina watu waliozaliwa tarehe moja ya mwaka mmoja.

Tarehe 25 Agosti 1949, huko Djoliba, Mali, alizaliwa Salif Keita. Siku hiyohiyo huko Haifa, Israeli, alizaliwa Gene Simmons wa kundi la Kiss. Keita ni mzawa wa ukoo wa Sundiata Keita, mwanzilishi wa dola ya Mali, ukoo ambao kwa desturi hauimbi bali huimbiwa, na alizaliwa na ualbino, hivyo watu walimtazama ngozi yake kabla ya kumsikia. Simmons aliingia jukwaani akiwa amejipaka uso rangi nyeupe na nyeusi kwa hiari yake ili watu wamtazame. Nimewasikiliza wote wawili jioni moja, na sauti ya Keita ikipanda juu nilisimamisha kila kazi niliyokuwa nayo.

Tarehe 5 Septemba 1946, Unguja, alizaliwa Farrokh Bulsara, ambaye dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury. Siku hiyohiyo huko Chapel Hill, North Carolina, alizaliwa Loudon Wainwright III. Nilipopiga hesabu ya safu yangu ya juma nilikuta kwamba 25 Agosti 1949 na 5 Septemba 1946 zote zilikuwa Alhamisi. Hawa wanne ni akina Khamisi. Nimeyaandika majina hayo manne kwa wino wa bluu, rangi ambayo sijaitumia penginepo.

Oktoba, mwaka huu

Majina ni 312. Yaliyo kwa penseli ni 41, na mengi kati ya hayo ni ya Uganda, Kongo na Tanzania. Nimeanza na Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyeifanya Dar es Salaam kuwa kwake: tarehe yake, 10 Februari 1947, imepata shahidi wa pili wiki hii, na ameingia kwa wino pamoja na Roberta Flack.

Kwaya imeniomba niandae jioni ya kusikiliza tarehe 19. Nitaanza na Tosh, kwa kuwa ndiye mkubwa, halafu Lutaaya. Msichana mmoja wa sauti ya pili ameuliza kama Siti anaweza kupigwa pia, ingawa si siku yake. Nimemjibu kwamba kwa kuwa hana siku, anaweza kupigwa siku yoyote, na nimemweka wa mwisho kwenye orodha.