Arobaini na nne isiyo arobaini na nne

"Mjomba, bunduki ya .44 si inapiga risasi yoyote ya .44?" Mpwa wangu kanitumia swali hilo kwa sauti, na hapo hapo nikamkumbuka yule mzee wa karakana kule Cincinnati, na Remington ya silinda, bunduki ndefu yenye silinda inayozunguka kama ya bastola, iliyolazwa kwenye meza yake.

Ilikuwa gobori halisi. Remington walizitengeneza kuanzia 1866 hadi 1879, hazikufika hata elfu moja. Mwenyewe alitaka nyuma ya silinda ikatwe, chuchu za fataki za kuwashia baruti ziondoke, liwekwe bamba lenye pini, kisha apige .44 Magnum, risasi ya kisasa yenye ganda.

Mzee hakubishana naye. Alitoa silinda, akachukua kidonge cha risasi laini kilichozidi tundu kidogo, akapaka mtutu mafuta, akakigonga polepole kwa ufito wa shaba. Ukigonga kwa pupa kinakwama. Mkono ndio unaosoma: kikilegea katikati, mtutu umelika, kikikaza, kuna kutu au umebonyea. Hiki kilishuka kwa ukinzani uleule mpaka mwisho. Akakipima kwa maikromita penye michirizo iliyochomoza, alama ya mifereji ya mtutu inayozungusha risasi: karibu inchi 0.45. Risasi ya .44 Magnum ina 0.429.

"Itapita bila kushika michirizo," alisema. "Hapo tumezungumzia shabaha tu."

La pili lilikuwa baya zaidi. Kikomo cha shinikizo la Magnum ni pauni 36,000 kwa inchi mraba, cha .45 Colt, risasi ya zamani, ni 14,000, na hata hizo mzee hakuwa tayari kuzitia kwenye chuma cha enzi ya baruti nyeusi. Kuta za silinda ni nyembamba, na pale penye vijishimo vya kufungia ni nyembamba zaidi.

Remington wenyewe walipobadilisha bastola zao mwaka 1868, wakiilipa Smith & Wesson ada kwa ajili ya hataza ya Rollin White (haki ya ubunifu wa silinda iliyotobolewa hadi nyuma), walichagua .46 ya kuwaka ukingoni, yaani fataki iko kwenye ukingo wa ganda. Maganda yalikuwa manene mno, ikabidi silinda mpya iwe na matundu matano badala ya sita. Kiwanda kizima kilikubali kupoteza risasi moja. Mwenye bunduki yetu hakutaka kupoteza hata jina la Magnum.

Mzee alikataa kuikata. Sijui kama nakubaliana naye moja kwa moja, maana zilizobadilishwa zamani zile leo nazo zinatafutwa na wakusanyaji. Ila hizo zilikatwa zikiwa bado vyombo vya kazi.

Bwana yule mwishowe alinunua nakala ya Kiitalia, na silinda ya ziada ya .45 Colt kwa shehena hafifu. Ganda la shaba limemwondolea hofu ya matundu jirani kulipuka pamoja. Mwanya kati ya silinda na mtutu uko palepale, na kila akisahau akatanguliza mkono wa kushoto mbele, gesi inamtobolea shati.