Mfupa umeunga, mguu unakataa

Mfupa wa muundi kwa mtu mzima mara nyingi huchukua miezi 4 hadi 6 kuunga, na wangu haukuchelewa. Daktari alinionyesha eksirei: mpasuko umezibwa na mfupa mpya, chuma kimetulia ndani, hakuna skrubu iliyolegea. Akaniambia kanyaga, tembea, magongo weka pembeni. Nikaitikia vizuri kabisa, kisha nikatoka pale kwa magongo yaleyale.

Si ukaidi. Mguu wenyewe ulikuwa unakataa. Kwenye sakafu tambarare nilijikongoja, lakini ngazi za kushuka zilinishinda. Kupanda si kazi, unatanguliza mguu mzima na ndio unaobeba mwili. Kushuka kama watu wanavyoshuka, mguu huu kisha huu, kunataka ule mgonjwa ubaki juu peke yake, goti likunjwe taratibu huku uzito wote umeuelemea, mpaka mwenzake uguse chini. Hapo ndipo nilipokuwa nagoma. Jasho mgongoni, mkono umeng'ang'ania kishikio, na maumivu hata hayajaanza.

Mtaalamu wa viungo aliyenisimamia mazoezi hakuanza na mguu. Alinipa dodoso la maswali 17, lile linaloitwa Tampa, lililotungwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990 kupima hofu ya kujongea. Unajaza ni kwa kiasi gani unaamini kwamba mazoezi yatakuumiza, kwamba kila maumivu maana yake mwili umeharibika tena, na mengine ya namna hiyo. Alama zinaanzia 17 na kuishia 68, na ukivuka 37 unahesabiwa mwenye hofu kubwa. Mimi nilivuka kwa mbali. Ajabu ni kwamba nilifarijika. Nilidhani ni woga wangu tu, kumbe hali yenyewe inajulikana mpaka ina karatasi yake.

Kisha akanipandisha kwenye kijukwaa cha mbao, kifupi tu, akasema: "Haya, shuka, na huku unanisimulia ulivyolala jana." Nikaanza kusimulia. Mguu mzima ulipoachia ubao, sentensi ikakatika. Mdomo wazi, sauti hakuna. Nilipogusa chini ndipo maneno yaliyobaki yakatoka kwa mkupuo.

"Umeona?" akasema. "Pumzi imesimama na goti bado halijakunja."

Tangu hapo nikajua pa kuitafutia hofu. Kichwani sikuipata, maana kichwa kilikuwa kinasema niko sawa. Kwenye pumzi ilikuwa wazi. Mtu akibana pumzi tumbo linakaza, mabega yanapanda, na misuli ya paja, ya mbele na ya nyuma, inakaza kwa pamoja kama wagomvi walioshikana mashati. Goti linakataa kukunja, na badala ya kushuka taratibu unatua kwa kishindo. Mshtuko unapanda mwilini, unauma kweli, na hofu inapata ushahidi. Mara ya pili unabana zaidi.

Nyumbani kila mtu alikuwa ananiambia "vuta pumzi ndefu". Ni nia njema, ila mwenye hofu kifua chake kimeshajaa, ukimwambia avute anaongeza juu ya kilichopo. Akivuta nyingi kwa haraka, kaboni dayoksidi inamtoka kupita kiasi, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinaingia ganzi, naye anaamini sasa ndiyo anakufa. Mtaalamu alinielekeza upande wa pili, kwenye kutoa. Ukiweka vidole viwili kwenye mshipa wa kifundo cha mkono na kutulia, mapigo huenda mbio kidogo unapovuta na hupungua unapotoa. Si kila mtu huyasikia yakibadilika. Mimi niliyasikia, na kwa mbishi kama mimi hilo lilitosha kuliko maelezo.

Asubuhi kabla sijatoka kitandani nalala chali, magoti yamekunjwa, kiganja kimoja tumboni na kingine kifuani. Cha tumboni kipande, cha kifuani kitulie. Navuta kwa pua nikihesabu mpaka nne, natoa polepole kwa mdomo mpaka sita. Inakuja kama pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyetulia huvuta 12 hadi 20. Kwenye kijukwaa naanza kutoa kabla ya kuinua mguu, si wakati wa kuinua, ili goti likute mwili umeshalegea. Sentensi ikikatika, tunarudi kwenye kijukwaa kifupi zaidi. Nikishuka huku naongea mfululizo, tunaongeza urefu.

Maumivu hayakuondoka kwa pumzi, na yeyote anayekuambia yataondoka anakudanganya. Kilichobadilika ni kwamba niliacha kuyaogopa yote kwa pamoja. Kipimo tulichokubaliana kilikuwa asubuhi inayofuata: mguu ukiamka umetulia na haujavimba, endelea, hata kama jana ulilalamika. Ukiamka umevimba au unauma kuliko jana, punguza.

Kuna mahali mazoezi haya hayana kazi. Shavu la mguu likivimba upande mmoja tu, likawa la moto na kuuma, au pumzi ikakatika ghafla na kifua kikachoma, huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na pengine imeshafika mapafuni. Hapo usikae kuhesabu moja mpaka nne, kimbilia hospitali.

Katikati ya maendeleo yote hayo niliteleza bafuni. Sikuanguka, niliwahi kushika ukuta, na eksirei ilionyesha chuma kipo mahali pake. Lakini kesho yake sentensi zikaanza kukatika tena kwenye kijukwaa nilichokuwa nimeshakizoea mpaka nakidharau. Tukateremka kiwango, tukapanda upya, na safari hii nilipanda haraka kuliko mwanzo. Sakafu yenye maji bado inanibana pumzi hadi leo. Hiyo nimeiacha ilivyo, kwa sababu sakafu yenye maji inateleza kweli.

Ngazi sasa nashuka nikiwa na mzigo mkononi. Kukimbia bado. Mtaalamu anataka kwanza nisimame kwa mguu ule peke yake, niinue kisigino na kukishusha mara nyingi sawasawa na mguu mzima, bila kuyumba. Shavu lilinywea sana wakati wa magongo, kwa hiyo mara za mwishomwisho mguu unatetemeka, na pumzi nayo inataka kusimama. Ikifika hapo ananiamuru nihesabu kwa sauti.