Famicom ya Japani ilivyokubali kuwaka Tanga

Mashine za zamani za michezo ya video zinazofika kwenye meza yangu hapa Ngamiani huja na neno moja tu kutoka kwa wenyewe, kwamba zimekufa. Wengi wao wamekwishaamua kuwa chipu zimeungua, na wanachotaka ni kuambiwa kama ganda linaweza kuuzwa kwa wenye vyuma chakavu. Kwa nilivyoiona kazi hii katika mji wa pwani kama Tanga, chipu ndiyo kitu cha mwisho kufa. Kinachotangulia ni mahali ambapo kitu hugusana na kingine: plagi, soketi ya umeme, meno ya kaseti, waya wa pedi pale unapoingia kwenye ganda. Nitaeleza kazi moja ambayo ndani yake mlikuwa na karibu matatizo hayo yote kwa pamoja.

Mashine yenyewe ilikuwa Famicom, ile ya Nintendo iliyotoka Japani tarehe 15 Julai 1983 kwa bei ya yeni 14,800, kazi ya mhandisi Masayuki Uemura na wenzake. Ina ganda jeupe lenye wekundu mzito, na pedi zake mbili hazichomolewi, kwani waya zake zimeingia moja kwa moja ndani ya mashine. Ile ya pili ina maikrofoni ndogo ambayo baadhi ya michezo huisikiliza. Iliyoletwa kwangu ilikuwa mali ya mzee mmoja aliyekuwa baharia, ambaye aliinunua meli yao ilipotia nanga Yokohama, akaja nayo nyumbani kwa ajili ya wanawe, na sasa anataka wajukuu waichezee. Nilipomwamkia na kumuuliza ilikuwaje, alijibu kwa ufupi: "Marahaba, fundi. Nilichomeka mara moja tu, ikanuka, ikanyamaza. Tangu hapo iko kabatini."

Harufu hiyo ilikuwa habari njema, ingawa mzee hakuipokea hivyo. Umeme wa nyumbani Japani ni wa volti 100, na wetu ni wa volti 230. Adapta ya Famicom ni ya transfoma ya zamani, na ikipewa zaidi ya maradufu ya volti ilizotengenezewa, hupata moto hadi waya wake wa ndani ukatike. Nilipoipima kwa mita upande unaoingia ukutani, haikupitisha kitu. Maana yake ni kwamba iliungua yenyewe, na ilipokatika ikawa imeikinga mashine iliyo nyuma yake, jambo ambalo nimeliona kwa mashine nyingi zilizoletwa na watu kutoka Japani na Marekani. Kwa hiyo namwomba yeyote mwenye kifaa cha namna hiyo asikitupe kwa sababu tu siku moja kilitoa moshi ukutani.

Kibandiko cha adapta hiyo kinaeleza kila kinachotakiwa: volti 10 za DC (umeme unaokwenda upande mmoja tu), miliampea 850, na mchoro mdogo unaoonesha kwamba hasi iko katikati ya plagi na chanya iko nje. Mchoro huo ndio watu hawautazami. Adapta nyingi zinazouzwa madukani kwetu, hasa zile zilizobaki kutoka kwenye ruta na kamera za ulinzi, zina chanya katikati. Nilichukua ya ruta yenye volti 9 na ampea 1, inayopokea volti 100 hadi 240, nikakata waya wake, nikageuza nyaya, nikalehemu, kisha nikapima tena kabla ya kuichomeka popote. Ya volti 12 ningeweza kuipata kwa urahisi zaidi, lakini ndani ya Famicom mna regyuleta ya 7805 ambayo kazi yake ni kushusha umeme hadi volti 5, na chochote kinachozidi hapo hugeuka joto. Mashine ikivuta nusu ampea, adapta ya volti 9 inaiachia regyuleta wati 2 za joto, na ya volti 12 inaiachia wati 3.5. Kwa joto la Tanga, sioni sababu ya kuiongezea moto mashine yenye umri huo. Hatari iliyo kubwa kuliko hiyo ni adapta ya NES, toleo la Famicom lililouzwa Marekani, ambayo hutoa volti 9 za AC, yaani umeme unaogeuka mwelekeo kama wa ukutani. NES yenyewe ina dayodi za kuigeuza AC kuwa DC, lakini Famicom haina.

Famicom hufunguka kwa bisibisi ya kawaida ya nyota, tofauti na kaseti za NES ambazo nyingi hudai kifaa maalumu. Ndani nilikuta bodi mbili: kubwa yenye chipu, na ndogo ya nyuma yenye soketi ya umeme, regyuleta na kisanduku cha bati kinachotengeneza mawimbi ya televisheni. Bati lilikuwa limeshika kutu, na kandokando ya soketi ya umeme palikuwa na unga wa kijani, ule unaoota juu ya shaba katika nyumba zilizo karibu na bahari. Nilipoiinamisha bodi chini ya taa na kuitazama kwa kioo cha kukuzia, niliona mduara mwembamba mweusi ukizunguka mguu mmoja wa soketi hiyo. Risasi ya kulehemu ilikuwa imepasuka, na mguu ulikuwa unacheza ndani ya tundu lake kama jino bovu. Ufa wa namna hiyo unatosha kuifanya mashine iwake na kuzima kila plagi inapoguswa. Niliinyonya risasi ya zamani yote na kuweka mpya, kwa sababu kuongeza risasi juu ya iliyochakaa kunaficha ufa bila kuuondoa.

Usafi ulifuata. Nilitumia spiriti kali isiyo na maji mengi na mswaki laini, nikasugua bodi zote mbili, nikaziacha zikauke kabisa mbele ya feni. Soketi ya kaseti yenye meno 60 niliisafisha kwa kipande cha kadi ngumu kilichozungushiwa kitambaa chembamba chenye spiriti, nikikiingiza na kukitoa hadi kitambaa kikaacha kutoka na weusi. Kila kijana aliyewahi kucheza gemu za kaseti anajua kuipuliza kaseti kwa mdomo, na kila mmoja atakuapia kwamba inasaidia. Kinachosaidia ni kule kuichomoa na kuichomeka upya. Pumzi inaongeza unyevu tu, na Nintendo wenyewe walikuwa wakiwakataza wateja wasifanye hivyo.

Famicom haina taa ya kuonesha kwamba imewaka, hivyo ukibonyeza swichi huna cha kukuthibitishia isipokuwa mita. Niliweka ncha moja kwenye hasi na nyingine kwenye mguu wa kutokea wa 7805, nikasoma karibu volti 5 zilizotulia. Mashine ilikuwa hai, lakini hapakuwa na televisheni ya kuipokea picha yake.

Hapa ndipo kazi ilipochukua muda zaidi. Famicom hutoa picha kwa mawimbi ya chaneli ya 1 au ya 2 ya Japani, ambazo ziko kati ya megahezi 90 na 102. Huku kwetu masafa hayo ni ya redio za FM, na televisheni zetu nyingi hazikupangiwa kutafuta picha huko. Unaweza kuzungusha chaneli hadi usiku ukaambulia chenga tupu. Njia iliyo safi ni kuachana kabisa na mawimbi hayo, ukachukua picha inapotoka kwenye chipu na kuipeleka kwenye tundu la njano la AV.

Chipu ya picha, inayoitwa PPU, ina miguu 40, na picha hutoka kwenye mguu wa 21. Ukihesabu kutoka kwenye alama ya kichwa cha chipu, unashuka upande mmoja hadi wa 20, na wa 21 ndio unaotazamana nao ng'ambo. Niliunyonya risasi mguu huo kwa utambi wa shaba, nikauinua taratibu utoke kwenye bodi. Wapo wanaounga waya juu yake bila kuuinua, na picha hupatikana, lakini huja na mistari ya kusimama inayotokana na kelele za saketi ya zamani, nami sipendi kumkabidhi mtu picha ya namna hiyo. Nguvu ya chipu peke yake haitoshi kuisukuma televisheni, kwa hiyo panahitajika transista ya kuiongezea nguvu, nayo ina miguu mitatu: emita, besi na kolekta. Nilitumia 2SA1015, ambayo imejaa kwenye redio na vikuza sauti vibovu vilivyo chini ya meza yangu. Tahadhari yake ni kwamba mguu wake wa kati ni kolekta, ilhali kwenye 2N3906, inayotajwa katika michoro mingi, mguu wa kati ni besi. Anayebadilisha moja kwa nyingine bila kuangalia hilo hatapata picha. Besi niliiunga kwenye mguu ule wa 21, kolekta kwenye hasi, emita nikaipitishia rezista kwenda kwenye volti 5, na kutoka kwenye emita picha ikapita kwenye kapasita ya mikrofaradi 220, upande wake wa chanya ukiielekea emita, ili umeme wa DC usiende hadi kwenye televisheni.

Sauti niliichukua kwenye mguu wa 46 wa soketi ya kaseti. Katika Famicom sauti hutoka kwenye mashine, huingia ndani ya kaseti, kisha hurudi kupitia mguu huo, na baadhi ya kaseti za Japani zina chipu zao zinazoongeza ala humo njiani. Ukiichukua kabla haijaingia kwenye kaseti, ala hizo hazisikiki.

Sikutoboa ganda. Picha niliipitisha kwenye tundu lililokuwa la mawimbi, na waya wa sauti ukatokea kwenye nafasi ya swichi ya chaneli, ambayo haikuwa na kazi tena. Ganda likishatobolewa halirudi, na kwa mashine kama hii naona ni uharibifu.

Kwenye televisheni ya chogo ya hapa karakana, picha ilitokea bila rangi. Mashine ni ya NTSC, mfumo wa televisheni wa Japani na Marekani, yenye picha 60 kwa sekunde na rangi katika megahezi 3.58, nayo televisheni ilikuwa imewekwa PAL, mfumo wetu wa picha 50 na megahezi 4.43. Nilipobadilisha mfumo kwenye menyu, rangi zikaja. Kuna anayeweza kushauri mashine igeuzwe iwe ya PAL, lakini hiyo inadai chipu nyingine, na michezo iliyoandikwa kwa 60 ikichezwa kwa 50 hupungua mwendo kwa sehemu moja ya sita.

Pedi hazikunisumbua. Moja ilikuwa na waya uliokatika ndani ya mpira pale unapoingia kwenye ganda, nikaupata kwa kupima waya mmoja mmoja huku nikiukunja, nikaufupisha kidogo na kuulehemu upya.

Nilimpelekea mzee nyumbani kwake Chumbageni. Televisheni bapa ya sebuleni iliikataa, kwa sababu Famicom hutuma mistari 240 ya picha kwa namna ambayo baadhi ya televisheni mpya haziitambui; ndogo ya chumbani iliipokea bila neno. Kaseti alikuwa nazo chache, zote za Kijapani, lakini hilo halikuwa tatizo. Mashine za bei nafuu za Kichina zilizojaa mijini kwetu ziliigwa kutoka kwenye Famicom hiyohiyo, na kaseti zake nyingi zina meno 60, hivyo zinaingia bila kulazimishwa. Mjukuu wake mmoja alikwenda kwa jirani akarudi na kaseti iliyoandikwa kwamba ina mamilioni ya michezo, ambayo kwa kweli ilikuwa michache iliyorudiwarudiwa, akaichomeka, ikawaka.