Kibali chako cha bastola kinaishia mpakani

Leseni ya gari ya Texas unaendesha nayo mpaka Maine na hamna askari atakayekuuliza kitu. Kibali cha kubeba bastola sivyo kabisa, hicho kama jimbo la pili halikitambui nguvu yake inaishia pale kwenye kibao cha kukukaribisha jimbo la pili, na ukishavuka tu wewe uliyekuwa na karatasi zako safi unaweza ukawa mhalifu wa kufungwa miaka. Naandika hii kwa sababu ndugu zetu wengi huku Marekani tunaendesha malori, tunalala barabarani, na wengi wetu tumenunua bastola kwa ajili ya usalama, afu tunapokea mzigo wa New Jersey vilevile tunavyopokea wa Oklahoma bila kufikiria kwamba hayo ni majimbo yenye sheria tofauti kama mbingu na ardhi.

Mkanganyiko mkubwa unaanzia kwenye haya majimbo ambayo hayataki kibali. Sa hivi yapo 29. Vermont hawajawahi kudai kibali kabisa, Alaska wakakiondoa 2003, Arizona 2010, Texas Septemba 2021, Florida Julai 2023, na 2024 wakaingia South Carolina na Louisiana. Kwa hiyo mtu anahamia Dallas au Houston, ana miaka 21, hana kesi, ananunua bastola dukani, anajaza fomu, rekodi zake zinakaguliwa kwenye mfumo wa FBI, anatoka nayo na anaifunga kiunoni chini ya shati na hajavunja sheria yoyote. Akikaa hivyo mwaka mmoja miwili anaanza kuamini kwamba Marekani ndo iko hivyo. Haiko hivyo.

Mi mwenyewe nilichukua leseni ya Texas japo hailazimishwi, ada yake ni dola 40 tu, juu yake kuna darasa na mtihani wa kulenga shabaha, na nawashauri watu wachukue. Sababu ya kwanza ni majimbo mengine yanayoitambua hiyo leseni, maana bila leseni huna cha kutambuliwa. Ya pili wengi hawaijui: kuna sheria ya serikali kuu inayokataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shule, kama mita 300 hivi, na inakusamehe kama una leseni ya jimbo ambalo hiyo shule ipo, au silaha iwe haina risasi na imefungiwa kwenye kasha. Sasa wewe unayebeba bila kibali kwa ruhusa ya Texas leseni huna, na mjini hebu jaribu kuendesha dakika kumi bila kupita karibu na shule. Afu hata ukiwa nayo bado kuna vibao vya kusoma. Mlangoni ukiona bango la 30.06, herufi zake hazipungui inchi moja, Kiingereza na Kihispania, ujue mwenye leseni anayebeba kwa kificho haruhusiwi kuingia, na ukiona 51% nyekundu hiyo ni baa, mapato yake nusu kwenda juu yanatoka kwenye pombe, usiingie na bastola hata kama unakunywa soda.

New York ni dunia nyingine. Wana sheria yao ya Sullivan tangu 1911, na kwa zaidi ya miaka 100 mtu wa kawaida alitakiwa athibitishe ana sababu maalum ya kubeba, na ofisa akiona sababu haitoshi basi umekosa. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama Kuu ya Marekani kwenye kesi ya Bruen ikasema hapana, kubeba silaha kwa kujilinda ni haki ya kikatiba, mtu haombi kwa kujieleza. Watu wakashangilia wakadhani mlango umefunguka. Siku chache tu baadaye bunge la New York likapitisha sheria mpya, mafunzo saa 18, na orodha ndefu ya sehemu zisizoruhusiwa kubeba ikiwemo Times Square, mabasi na treni za chini ya ardhi. Ndani ya jiji la New York ada ya maombi ni dola 340, na hata mkazi wa kaunti nyingine ya hukohuko New York kibali chake hakifanyi kazi jijini mpaka polisi wa jiji wamuidhinishe. Kama wao kwa wao wako hivyo, leseni yako ya Texas watakuangalia nayo tu.

Lakini jimbo ninalotaka mlishike ni New Jersey, maana linatenganishwa na Pennsylvania na mto Delaware tu, unavuka daraja umefika. Oktoba 2013 mama mmoja wa Philadelphia, ana watoto wawili, alikuwa ameshaporwa kabla ndo akanunua bastola na akachukua kibali halali cha Pennsylvania, alisimamishwa na askari huko Atlantic County kwa kosa dogo la barabarani. Yeye mwenyewe kwa mdomo wake akamwambia askari nina bastola na kibali hiki hapa. Alidhani anafanya ustaarabu. New Jersey hawatambui kibali cha jimbo lolote, wakamkamata palepale, akakaa mahabusu kama siku 40, na adhabu iliyokuwa inamsubiri ilikuwa kifungo cha lazima cha miaka zaidi ya mitatu ambacho hakimu hana uwezo wa kukipunguza. Mwendesha mashtaka alikataa kwanza kumuweka kwenye mpango wa kuwasaidia wakosaji wa mara ya kwanza, kelele zikawa nyingi ndo akabadilika 2014, na gavana Chris Christie akamsamehe Aprili 2015. Mi naona alionewa, nalisema wazi, mtu aliyejitangaza mwenyewe si jambazi. Ila mjue yeye alipata televisheni na gavana. Dereva mwenye lafudhi ya Mombasa au Bukavu sina uhakika atapata hivyo.

Hapa ndo watu wananiambia, si kuna sheria ya serikali kuu ya 1986 ya kupita salama na silaha? Ipo, na ni nzuri, ila isome vizuri. Inakulinda ukisafiri kutoka sehemu unayoruhusiwa kuwa na silaha na kuibeba kwenda sehemu nyingine unayoruhusiwa pia, bastola haina risasi, na bastola na risasi zote zisiwe mahali mkono unafika. Gari dogo unaweka kwenye buti. Lori halina buti, kwa hiyo inabidi kasha lenye kufuli, na sheria imesema wazi droo ya dashibodi na kile kisanduku cha katikati ya viti havihesabiki. Sasa angalia neno kwenda. Mzigo wako ukiwa unashuka Newark, mji wa New Jersey, basi Newark ndo mwisho wa safari, na hapo huruhusiwi kubeba, kwa hiyo kinga huna tangu mwanzo hata ukiifungia kwenye makasha matatu. Inasaidia anayepita tu, mfano unatoka Pennsylvania unaenda Vermont.

Na hata kupita kwenyewe kuna mtego. Kuna bwana wa Utah mwaka 2005 alikuwa anasafiri kwa ndege kwenda Pennsylvania kupitia Newark, bastola iko kwenye begi na ameitangaza kwa shirika la ndege kama utaratibu unavyotaka, akaikosa ndege ya kuunganisha, akapewa begi lake akalala hoteli, asubuhi karudi uwanjani kaitangaza tena kama jana yake, wakamkamata. Alishtaki, na 2010 mahakama ya rufaa ikasema usiku ule hotelini begi lilikuwa mkononi mwake, kwa hiyo sheria ya kupita haikumlinda. Kwa hiyo mimi mzigo ukiwa wa New Jersey, New York au Massachusetts bastola inabaki nyumbani, basi. Massachusetts kubeba bila leseni yao kifungo cha chini ni miezi 18. Illinois afadhali kidogo, kibali chako hawakitambui lakini kama kwenu unaruhusiwa kubeba wanakuachia uwe nayo ndani ya gari, ukishuka unaifungia humo. Na usisahau kampuni yako, kampuni nyingi za malori zinakataza silaha kabisa na hapo sheria ya jimbo haikusaidii kazi ikishaondoka.

Mwaka 2017 Bunge la Wawakilishi lilipitisha muswada wa kufanya vibali vitambulike nchi nzima, ukaenda kufia Seneti. Nisingependa mtu apange safari kwa kutegemea Washington.

Ukisimamishwa na polisi napo kuna tofauti. Michigan lazima umwambie askari mara moja kwamba una bastola kabla hajauliza, jirani yao Ohio tangu 2022 unajibu ukiulizwa. Mimi huwa mikono juu ya usukani, taa ya ndani nimewasha, nasema taratibu ilipo na sisogezi mkono mpaka aniambie, popote nilipo nchi nzima.

Sasa la mwisho na kwangu ndo zito kuliko yote, maana hili haliwagusi wenyeji, linatugusa sisi wageni. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua bastola, sawa na raia. Mwenye viza ya muda, mwanafunzi au mtalii, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa vipengele vichache kama leseni ya uwindaji. Bangi pia, hata kama jimbo lako wanaiuza dukani kwa risiti, fomu ya kununulia bunduki inakuonya kabisa kwamba kwa serikali kuu bado ni haramu, na ukidanganya kwenye ile fomu ni kosa jingine. Na sheria ya uhamiaji inasema asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria yoyote, anaweza kufukuzwa nchini. Sheria yoyote, pamoja na hiyo ya jimbo ulilokuwa unapita tu. Raia anamaliza kifungo chake anarudi kwa watoto, wewe unamaliza unapelekwa kwenye ndege.

Kwa hiyo wakili wa kesi akikwambia kiri tu tumalize, watakupa kifungo cha nje, usisaini siku hiyo. Kuna dereva wa lori anaitwa Jose Padilla, mzaliwa wa Honduras, grini kadi zaidi ya miaka 40, ametumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, alikamatwa Kentucky na bangi kwenye trela, wakili wake akamwambia umeishi hapa muda mrefu usijali uhamiaji, akakiri, kumbe kukiri kwenyewe ndo kulimfungulia mlango wa kufukuzwa. Ilifika Mahakama Kuu na mwaka 2010 wakaamua wakili wa jinai ana wajibu wa kumueleza mteja asiye raia hatari hiyo kabla hajakiri. Ni haki yako, idai kwa jina la hiyo kesi, Padilla, na utafute na wakili wa uhamiaji asome makubaliano kabla kalamu haijagusa karatasi.